Usafi Uliowaua Samaki

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi)



Leo tunataka kuzungumza juu ya samaki wa tangini. Tunajua wengine wenu mtacheka: samaki wa kuangalia tu, si wa kula? Ndiyo, hao hao. Tumewaleta hapa kwa sababu nusura wavunje kikundi.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilipewa tangi la kioo la lita 60. Wakaliweka nyumbani kwa mweka hazina, wakatia changarawe na mimea, wakachanga pesa, wakanunua gapi 10, wale samaki wadogo wa rangi, ili wazaane wauzwe. Siku ya nne maji yakawa na ukungu. Mweka hazina ni mama msafi kabisa. Akamwaga maji yote, akasugua changarawe kwa sabuni, akang'oa mimea, akajaza maji ya mfereji. Kesho yake samaki 7 walikuwa wanaelea.

Basi maneno yakaanza. Ati kuna mtu ametia sumu! Kidole kikaelekezwa kwa mwenzao mmoja aliyekuwa na deni la kikundi.

Tulipofika tuliuliza tu: mlifanya nini, siku gani? Kumbe sumu ilikuwako, lakini hakuna aliyeitia.

Samaki hula na kunya katika maji yale yale anayoishi. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo humuua samaki. Lakini kuna bakteria wazuri wanaokaa kwenye changarawe na majani. Wengine hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo, na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hawa huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Tangi lile lilikuwa na siku nne tu, na hao wachache waliokuwako walioshwa kwa sabuni. Tena maji ya mfereji yana klorini, dawa inayounguza mashavu ambayo samaki hupumulia.

Sasa, mwenye kutaka kufuga afanye hivi:

1. Weka tangi juu ya meza imara. Maji ya lita 60 ni kilo 60.

2. Panda mimea kwanza. Tia chakula cha samaki kidogo kidogo, ungoje zile wiki. Kisha anza na samaki watatu au wanne.

3. Lisha kile wanachomaliza kwa dakika mbili au tatu. Kinachobaki kitaoza.

4. Kila wiki toa robo ya maji, yaani lita 15. Rudisha maji yaliyokaa siku nzima, mchana na usiku, katika ndoo iliyo wazi, ili klorini itoke.

5. Kama kuna sponji ya kuchuja, isuuze katika maji uliyotoa tangini. Sabuni isikaribie kabisa.

6. Mwanga wa saa 8 kwa siku unatosha. Jua la dirishani huleta ukijani.

7. Usiku mimea nayo hutumia hewa iliyo majini. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, wamezidi. Punguza samaki na chakula.

8. Mimea au samaki wasiotakiwa wasitupwe mtoni. Gugu maji linalosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake.

Wale gapi watatu waliobaki walipona. Gapi hawatagi mayai, huzaa watoto hai, na mmoja alikuwa na mimba. Yule mama aliyeshukiwa aliombwa msamaha mbele ya wote. Siku hizi yeye ndiye anayebadilisha maji kila Jumamosi. Deni bado wanalizungumzia, lakini sasa ni deni tu, si sumu tena.

Ndugu zetu, kuku akifa, mahindi yakioza au pesa zikipungua, tuulize kwanza kilichotendeka, siku kwa siku. Jina la mtu lije mwisho, kama kweli lipo.

Ya kujadili kikundini: Je, tumewahi kumlaumu mwenzetu kabla ya kuchunguza? Tulimrudia?