Je, Redio ya Mkoani Ibadili Muziki Wake?

Hotuba iliyotolewa Bariadi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni mwanafunzi wa zamani wa shule yetu na mtumishi wa serikali.



Kamati iliniachia nichague jambo la kuzungumza, mradi liwafae wakubwa na wadogo. Nimechagua jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni muziki unaopigwa na redio zetu ndogo za mikoani. Swali langu ni hili: redio ya namna hiyo inapoanza kupoteza wasikilizaji na matangazo ya biashara, je, ibadili muziki wake? Na ikibadili, ielekee wapi?

Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikitoka katika mkoa wa Shinyanga, ukiwa na wilaya 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu kuwa zaidi ya watu milioni 2. Tunazo redio za nyumbani, mathalani Sibuka FM ya Maswa, na tunazisikia pia za mbali: TBC Taifa, Radio Free Africa ya Mwanza, na nyingine zenye makao Dar es Salaam. Sikuja hapa kukagua hesabu za kituo chochote. Nitakayoyasema yanahusu redio ndogo kwa jumla, popote ilipo katika Kanda ya Ziwa.

Redio ndogo ina gharama zisizongoja: leseni, umeme, matengenezo ya mitambo, mishahara, na malipo ya haki za wenye nyimbo kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mapato yake hutoka kwa mwenye duka la pembejeo, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mwenye nyumba ya wageni na mwenye shule ya binafsi. Ninyi nyote mwajua kuwa fedha ya mkoa huu huenda na pamba. Msimu ukiwa mbaya, jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara huliacha ni tangazo la redio. Hapo ndipo mwenye kituo anapoanza kukuna kichwa, na washauri hawakosekani.

Mshauri wa kwanza husema: piga kama wanavyopiga Dar es Salaam. Weka Bongo Fleva na singeli kutwa kucha, vijana watakuja, na matangazo yatawafuata vijana. Mshauri wa pili, ambaye kwa kawaida ni mzee, husema: acha huo muziki wa watoto, piga ngoma za Kisukuma na zilipendwa tu, maana mwacha mila ni mtumwa. Wote wawili wanasema kwa nia njema, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini wote wawili wanadhani ugonjwa uko katika wimbo. Mimi nadhani uko mahali pengine, na nitaomba tupitie mifano michache kabla ya kuamua.

Mfano wa kwanza ni wa nyumbani. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake hewani Tanzania Bara. Ilizipa nafasi kubwa bendi za humu nchini: NUTA Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na wenzao. Na haikungoja kuletewa. Sahani za santuri zilitengenezwa Kenya, kwa hiyo Radio Tanzania iliziita bendi studioni kwake na kuzirekodi yenyewe. Kisha ikaja sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na mwaka 1994 Radio One ikaanza. Sisi tuliosoma katika miaka hiyo ya 1990 twakumbuka ubishi wa bwenini juu ya redio moja ya betri: huyu anataka taarifa ya habari na dansi, yule anataka muziki mpya wa vijana. Mwenye betri ndiye aliyeshinda.

Wengi husema Radio Tanzania ilipoteza vijana wa mijini kwa sababu ya kung'ang'ania muziki wa zamani. Kuna ukweli humo. Lakini tazameni upande wa pili. Leo, mtu akitafuta sauti ya Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970, huenda katika kanda zile zilizorekodiwa na Radio Tanzania. Redio iliyorekodi ina mali ghalani. Redio iliyopiga tu nyimbo zilizorekodiwa na wengine, siku ikifungwa haiachi kitu.

Mfano wa pili ni wa majirani zetu. Mwezi Machi 1980 Sauti ya Kenya ilitoa agizo kwamba robo tatu ya muziki wake wote uwe wa Kenya. Nia ilikuwa nzuri, na wanamuziki walifurahi. Lakini malalamiko yalikuwa makubwa, na baada ya muda mfupi agizo likaondolewa. Nijuavyo mimi kama mtumishi wa serikali, agizo likitangulia matayarisho halifiki mbali. Huwezi kumbadilishia msikilizaji chakula chote kwa usiku mmoja ukategemea asubuhi akushukuru.

Hata hivyo Kenya hiyo hiyo ilituonyesha pia kuwa muziki wa nyumbani unalipa. Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, nyingine za lugha za makabila zikafuata, na wenye biashara wakazifuata. Walakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 baadhi ya redio za namna hiyo zilishutumiwa kwa uchochezi. Hapa kwetu taratibu za utangazaji huvitaka vituo vizungumze Kiswahili au Kiingereza, na kwa kukumbuka yale, sioni vibaya. Wimbo wa Kisukuma hupigwa, na mtangazaji huueleza kwa Kiswahili ili Mkurya, Mjita na Mhaya anayeishi Bariadi naye aelewe. Kumweleza jirani wimbo wako ni adabu njema.

Mfano wa tatu uko mbali, lakini ndio unaofanana zaidi na swali letu. Katika mji wa Memphis, Marekani, kituo kiitwacho WDIA kilianza mwaka 1947 kikipiga muziki ule ule uliokuwa ukipigwa na vituo vingine vya mji. Hakikupata wasikilizaji wa kutosha, kikawa karibu kushindwa. Mwezi Oktoba 1948 wenye kituo, Wazungu wawili, walimwajiri Nat D. Williams, Mwamerika mweusi, atangaze kwa ajili ya watu weusi, ambao walikuwa wengi katika mji huo na ambao redio nyingine hazikuwajali. Ndugu walimu, mtafurahi kusikia kwamba bwana huyo alikuwa mwalimu wa sekondari, mwalimu wa historia, naye hakuacha kufundisha. Ilipofika 1949 kituo kizima kilikuwa kimegeuka. Kijana mmoja mpiga gitaa aliyefanya kazi hapo alikuja kujulikana duniani kwa jina la B. B. King. Mwaka 1954 nguvu ya mtambo wake ilipandishwa hadi wati 50,000.

Je, WDIA iliokolewa na kubadili muziki? Muziki ulikuwa sehemu tu. Kituo kilitangaza waliopotea na vitu vilivyopotea, kiliendesha tamasha za kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto wa watu weusi, na kilisema na watu kama majirani. Nisiwapambe wenye kituo: walitafuta faida, na kituo kilikuwa mali yao. Lakini walitambua jambo moja kubwa, kwamba katika mji ule walikuwako watu wengi ambao hakuna redio iliyokuwa ikiwaita kwa majina yao.

Ndugu zangu, hekima hii hatuna haja ya kuiazima Memphis, kwani iko hapa uwanjani kwetu. Vijana waliokulia mjini huenda hawajui vizuri mashindano ya Bagika na Bagalu, kwa hiyo nitaeleza. Baada ya mavuno makundi mawili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, huku na huku. Kwa desturi ya wazee wetu, watazamaji wenyewe ndio waamuzi. Mtu akivutiwa na upande wa pili anahama, na upande uliokusanya watu wengi ndio ulioshinda. Je, si sawa kabisa na mtu anayegeuza kitufe cha redio?

Sasa angalieni manju, ambaye sisi humwita ningi, anafanya nini ili ashinde. Kila msimu hutunga nyimbo mpya na kubuni vituko vipya. Anayeingia uwanjani na nyimbo za mwaka juzi peke yake, watu watamkimbia. Hapo mshauri wetu wa pili, yule mzee, ajifunze. Lakini pia hakuna Mgika anayeshinda kwa kuwaiga Bagalu walio mbele yake. Watu wakitaka Bagalu, wako pale pale, hatua 50 tu. Hapo mshauri wa kwanza ajifunze. Redio ya Bariadi ikipiga kutwa nyimbo zile zile za redio ya Dar es Salaam, msikilizaji ana sababu gani ya kubaki nayo, iwapo ya Dar es Salaam inasikika vizuri zaidi na ina watangazaji mashuhuri zaidi?

Tena siku hizi mshindani mkubwa wa redio si redio nyingine. Kijana anakwenda kibandani sokoni, anajaziwa nyimbo mia kadhaa katika memori kadi ya simu, za Bhudagala na za wasanii wa Dar es Salaam pamoja, anapanda pikipiki anaondoka. Huyo hana haja ya redio kwa ajili ya wimbo. Anaihitaji kwa yale ambayo memori kadi haina: bei ya pamba na dengu leo, gulio la kesho, msiba uliotokea jana, mtoto aliyepotea, ng'ombe walioibwa, mvua iliyokata barabara. Wazee waliipenda Radio Tanzania kwa matangazo ya vifo na salamu za wagonjwa kama walivyoipenda kwa dansi. Redio ndogo ikifa, nyimbo zitasikika kwingine. Habari hizo ndizo zitakazokosa mtu wa kuzisema, na atakayeumia ni mama wa kijijini asiye na simu ya kisasa.

Basi jibu langu ni hili. Ndiyo, redio inayoyumba ibadilike, lakini isihame upande wake. Nina mapendekezo manne.

Kwanza, siku igawanywe kufuatana na maisha ya watu. Alfajiri ni ya mkulima na habari zake. Alasiri ni ya vijana, na Bongo Fleva yao wapewe bila kununiwa, maana nao ni watu wa Simiyu. Jioni ni ya ngoma na dansi la zamani, na Jumapili ni ya kwaya, za AIC na za madhehebu mengine, ambazo wasikilizaji wake ni waaminifu kuliko wote.

Pili, kituo kirekodi. Kisa kimoja tu cha bugobogobo ya wakulima wa Itilima, kimerekodiwa vizuri na kuelezwa vizuri, ni kitu ambacho hakuna redio nyingine iliyo nacho. Mwaka 2010 mtafiti wa Kimarekani, Frank Gunderson, alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Huko Bujora, Padri David Clement kutoka Kanada alijenga makumbusho ya Wasukuma. Ikiwa wageni waliona mambo haya yana thamani kiasi hicho, itakuwa ajabu sisi kuyaweka kwa ajili ya kupokea viongozi tu.

Tatu, mtunzi alipwe. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mithali hiyo haina maana ikiwa manju anapigiwa makofi na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Nne, mabadiliko yatangazwe mapema na yaende polepole, kipindi baada ya kipindi, huku wasikilizaji wakiulizwa. Tumeona yaliyolipata agizo la Kenya.

Nimalizie kwa kusema nanyi vijana mlioko shuleni. Baadhi yenu mtakuwa watangazaji, mafundi mitambo na wanamuziki, na msidhani kazi hiyo iko Dar es Salaam peke yake. Likizo ijayo, kila mmoja amwendee mzee mmoja kijijini kwake, aandike maneno ya wimbo mmoja, jina la aliyeutunga na sababu ya kuutunga. Karatasi hizo mkizileta kwa mwalimu wenu wa Kiswahili, shule itakuwa na hazina, na redio yoyote ya mkoa huu itakuwa na la kuja kuuliza hapa.

Nasi wanafunzi wa zamani, wenye maduka, mashamba na ofisi, tusilalamike kuwa redio ya nyumbani haina kitu ilhali hatujawahi kuilipa hata tangazo moja. Katika uwanja wa ngoma, anayesimama upande wako ndiye anayekupa ushindi.