Kuunda Mfano wa Roketi kwa Mikono: Hotuba kwa Wananchi wa Mkwaja

 

Tumekuja kuzungumzia vifaa vya kuchezea vinavyoundwa nyumbani, na tumechagua kile ambacho vijana hukitamani mno: roketi. Wala roketi si habari ya ughaibuni tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kaskazini mwetu katika mwambao huu huu, roketi ya Marekani iitwayo Scout ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Scout ilikuwa na urefu wa karibu mita 23, na unene wa mita 1 hivi upande wa chini. Mfano uliopunguzwa mara 50 utakuwa na sentimita 46 kwa 2. Mwili wake ni karatasi ya kaki iliyoviringishwa kwenye fimbo na kupakwa gundi ya seremala. Pua huchongwa kutokana na shina la ua la mkonge, ambalo likikauka huwa jepesi na hukitii kisu. Tanga hatuna haja ya kuagiza mbao za nje. Mapezi manne hukatwa kwenye boksi. Rangi inunuliwe katika kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji na alama ya TBS, si ile iliyopimwa katika chupa isiyo na lebo, kwani madini ya risasi katika rangi hudhuru ubongo wa mtoto. Risiti itunzwe.

Imebaki injini, na hapa twasema bila kupepesa macho: isiundwe nyumbani. Asichanganye mtu unga wa viberiti wala kemikali nyingine ndani ya bomba. Pwani yetu inajua baruti ya kuvulia samaki inavyokata mikono ya wanaoitengeneza. Huko Marekani nako, katika miaka ya 1950, vijana walijeruhiwa kwa roketi za mabomba ya chuma, na miaka hiyo hiyo Orville Carlisle, mwuza viatu wa Nebraska, alibuni roketi ya karatasi yenye injini ya kubadilishwa, ambayo mrushaji haichanganyi mwenyewe. Hapa nchini baruti hudhibitiwa kwa sheria na vibali. Anayekuuzia injini kwa simu, bila lebo wala risiti, usimpe fedha yako.

Scout yenu basi ikae kabatini. Wanaotaka kuona kitu kikiruka watumie chupa ya plastiki ya soda, maji hadi thuluthi yake, kizibo kilichobana na pampu ya baiskeli. Irushwe uwanjani, mtu mzima akiwapo, na asiwepo wa kuiinamia. Chupa ya maji ya kunywa haifai, maana plastiki yake ni nyembamba. Na ya soda ikishakwaruzika, itupwe.