Huzuni Isiyofukuzwa

Mtoto akilia, wengi wetu humwambia, "Nyamaza, jikaze!" Na kweli hunyamaza. Kisha huanza kulalamikia tumbo, au kutoroka shule.

Kuna njia nyingine: tiba ya kukubali hisia, ambayo haiifukuzi huzuni. Mtoto huitaja, huonyesha inapomkaba, kifuani au kooni, halafu hufanya lile analolithamini huzuni ikiwa bado ipo: kuingia darasani, kucheza mpira na wenzake.

Bungoma ina jamaa wa tiba hii, Pamoja Tunaweza. Washauri waliofunzwa, watu wa kawaida tu wala si madaktari, walikaa na vikundi vya watoto yatima kwa vikao 12. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, wa Bungoma, Kenya, na wa Moshi, Tanzania. Watoto walisimulia kifo cha mzazi badala ya kukikwepa. Huku Bungoma, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliopata huduma za kawaida.

Lakini mama, baba, kukubali huzuni si kukubali kipigo. Mtoto akidhulumiwa, piga 116. Hulipi chochote.