Daftari la Mgonjwa na Kompyuta za Hospitali

Mifumo ya kompyuta ya vituo viwili vya afya huweza kupeana rekodi za mgonjwa ikiwa tu imekubaliana mambo mawili: mgonjwa ni nani, na kilichoandikwa kina maana gani. Mtandao wenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Mjini Unguja, kutoka soko la Darajani hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu, lakini majibu ya maabara ya kliniki binafsi mara nyingi hufika huko yakiwa mkononi mwa mgonjwa, ndani ya daftari. Na daftari lisidharauliwe: halitaki umeme wala neno la siri, na kila daktari hulisoma, mwandiko ukiruhusu. Likiloa mvua tu, historia ya miaka imekwisha.

Zanzibar haikuanza jana. Kwa miaka mingi sasa Wizara ya Afya hukusanya takwimu za vituo vya Unguja na Pemba kwa DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kazi yake kubwa ni majumla: watoto wangapi wamechanjwa, wagonjwa wangapi wa malaria mwezi huu. Haimwambii daktari kwamba aliyekaa mbele yake hudhurika na penisilini. Rekodi ya mtu mmoja mmoja ni jambo jengine. Chini ya mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea huandika kwenye simu taarifa za wajawazito na watoto, nyumba kwa nyumba, katika wilaya zote 11. Hospitali nazo zina mifumo yao, na bima vivyo hivyo.

Kuunganisha huanzia kwenye jina, na hapo ndipo pazito. Asha Juma Ali wako wengi Unguja, na Mohamed huandikwa kila karani na tahajia yake. Namba ya kitambulisho cha Mzanzibari hupunguza utata huo. Ila mgeni, au aliyeletwa hajitambui, hana cha kuonesha. Hapo mfumo hulinganisha kile kinachojulikana: umri, shehia, hata jina la mama.

Kisha maana. Sukari ya 7 kwenye mashine inayopima kwa milimoli kwa lita ndiyo 126 kwenye inayopima kwa miligramu kwa desilita, kiwango ambacho kwa mtu aliyefunga kula usiku kucha daktari huanza kutaja kisukari. Namba ikisafiri bila kizio chake, anayeipokea hupotoka vibaya. Kwa ajili hiyo kuna viwango vya pamoja, kama FHIR ya shirika la HL7 lililoundwa Marekani 1987. OpenMRS, programu huria ya 2004 yenye mizizi Eldoret, Kenya, huweka kamusi ya dhana ndani yake: kila kipimo kina utambulisho wake na kizio chake.

Linabaki suala la siri. Kisiwani karani huweza kuwa jirani au shemeji wa mgonjwa, hivyo mfumo wa maana huandika nani amefungua faili, na saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 hutumika Zanzibar kwa mambo ya Muungano pekee, na afya si mojawapo. Rekodi za hospitali za Serikali ya Mapinduzi hulindwa kwa sheria na kanuni za Zanzibar yenyewe.