AFYA YA UZAZI YA VIJANA WETU: HATARI INATOKA WAPI?

Maneno yaliyosemwa na mama mhudumu wa afya wa kujitolea mbele ya Kamati na wananchi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nimeombwa niseme juu ya afya ya uzazi ya vijana ambao hawajaoa wala kuolewa. Yamo maneno ambayo kwa desturi zetu hayasemwi mbele ya baba na binti yake. Mniwie radhi, ugonjwa hauoni haya.

Katika kila kikao wanaolaumiwa ni vijana. Video, simu, bodaboda, nguo fupi. Sikatai, video za usiku zina lake. Lakini mimi ninayewasindikiza wasichana hawa kituo cha afya naona kwamba mengi yanaanzia kwenye sufuria tupu.

Mnakumbuka mwaka 2020. Mwezi wa 3 serikali ya Uganda ilifunga shule kwa sababu ya korona. Mwezi wa 4 WFP ikapunguza mgao wetu wa chakula kwa asilimia 30. Shule zilikuja kufunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2022. Mfikirie msichana wa miaka 15 wakati ule: hana darasa, unga umekwisha kabla ya mwezi, mama amekwenda kulima vibarua kwa wenyeji, naye anahitaji sabuni na vitambaa vya hedhi. Anatokea mtu mwenye pesa kidogo. Hashiki panga. Anampa sabuni, safari ya pili anampa pesa ya unga, safari ya tatu anadai chake. Mimba ikionekana, tunasema msichana hana adabu. Haya, adabu inanunua sabuni wapi?

Na mtu huyo mara nyingi si kijana mwenzake, ana mke na watoto. Msichana hawezi kumwambia mtu anayemlisha avae kondomu. Hapo ndipo virusi vya Ukimwi, kaswende na kisonono vinapita. Wala msidhani ni wakimbizi peke yetu: utafiti wa taifa wa Uganda wa mwaka 2022 ulikuta karibu msichana 1 kati ya 4 wenye miaka 15 hadi 19 ameshazaa au ana mimba.

Wavulana nao wana haya. Akiona usaha, anakwenda dukani kununua vidonge viwili vitatu. Maumivu yanatulia, ugonjwa unabaki, anampelekea mwingine.

Kwetu Kongo, mama hakuongea na binti mambo haya. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi. Vita vikatutenga na mashangazi, wengine wamebaki kule, wengine walikufa njiani, na kazi yao hakuna aliyeichukua. Basi binti anafundishwa na huyohuyo mwenye sabuni.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mtoto anapobakwa, au anapopewa mimba na mtu mzima, familia mbili zinakaa usiku, wazee wanaitwa, mbuzi anatolewa pamoja na bia, maneno yanafungwa. Mara nyingine binti anakabidhiwa kwa mwanaume huyohuyo awe mke. Wazee wangu nawaheshimu. Kule nyumbani fidia ilizuia koo mbili zisiuane. Lakini mhesabu saa. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kubakwa inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi ya siku 5, na kila siku inayopita nguvu inapungua. Kikao cha mbuzi kinachukua wiki mbili! Kikiisha, dawa haina kazi tena, na mtoto ambaye nyonga zake hazijakomaa anangoja uchungu unaoweza kumwachia fistula, au kumwua.

Sheria ya nchi iliyotupokea haimjui mbuzi huyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaweka ndoa kuanzia miaka 18, na kulala na mtoto chini ya umri huo ni kosa la jinai, hata akisema alikubali.

Kwa hiyo naiomba Kamati: kesi ya mtoto chini ya miaka 18 isipokelewe barazani. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kisha polisi. Na aliyejifungua arudishwe darasani, kwa maana mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu. Akina mama, wale wanaokubali kushika kazi ya shangazi, tuonane Jumamosi chini ya mwembe.

Wajumbe wengi wa Kamati wako hapa mbele. Ningefurahi Mwenyekiti atujibu kabla ngoma hazijaanza.