Bei ya Mayai: Anza Kuhesabu Kwenye Gunia

[Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu]

MTANGAZAJI:

Salamu kwenu mlioko Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa, na kwa majirani wetu wanaoishi kuzunguka kambi. Mama uliye jikoni, baba uliye barazani, kijana mwenye redio ya simu, sogeeni karibu. Kama una kalamu na daftari, vichukue, maana leo kuna hesabu.

Leo tunazungumza kuhusu mayai. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo wengine mnaviita likelemba na majirani wetu wanaviita ibimina, wazo hili hurudi mara kwa mara: tukusanye pesa, tununue kuku wa mayai. Watu wanasema Kigali ni mji mkubwa, una hoteli na shule. Mayai ya Rwanda huvuka mpaka hadi Goma na Bukavu. Kuku hutaga karibu kila siku, basi na pesa itaingia kila siku.

Wazo hilo si baya. Lakini pesa inayotaka kuingia katika banda hilo ni pesa ya namna gani? Kwa wengi wetu ni pesa iliyobanwa kutoka kwenye chakula cha watoto. Mnakumbuka Machi 2021, WFP ilipokosa fedha na kupunguza msaada wa wakimbizi nchini Rwanda kwa asilimia 60. Aliyekuwa na akiba kidogo mwezi ule alijua thamani yake. Kwa hiyo kabla akiba haijageuka kuwa kuku, tujue faida ya yai inatoka wapi na inapotelea wapi.

[Muziki mfupi]

Tuanzie Masoro. Masoro iko upande wa mashariki wa Kigali, katika wilaya ya Gasabo, mahali palipo na eneo maalumu la viwanda. Kuna kiwanda pale ambacho wengi wenu mmeonja kazi yake bila kujua. Ni kiwanda cha Africa Improved Foods, kilichozinduliwa mwaka 2017. Kinatengeneza unga wa uji wenye virutubisho kwa ajili ya watoto wadogo na mama wajawazito, na WFP ni mmoja wa wanunuzi wake.

Unga ule unatengenezwa kwa nini hasa? Kwa mahindi na soya. Sasa nenda kwa mtu anayesaga chakula cha kuku, umuulize anachanganya nini. Atakujibu: mahindi, pumba, soya, mashudu ya alizeti, dagaa wakavu ambao wengine mnawaita ndagala, chokaa na chumvi kidogo. Juu kabisa katika orodha yake kuna mahindi, na soya haiko mbali.

Hapo ndipo penye siri ya bei ya mayai. Kuku anashindana na mtoto anayekunywa uji, anashindana na baba anayekula ugali, anashindana na kiwanda cha Masoro. Wote wanatafuta gunia lilelile la mkulima wa Kirehe au wa Gatsibo. Gunia likipanda bei, chakula cha kuku kinapanda. Lakini mnunuzi wa mayai sokoni hajali gunia lako limepanda. Yeye anaangalia mfuko wake.

Wafugaji wa kuku wa mayai hutumia sehemu kubwa ya gharama zao, mara nyingi zaidi ya nusu, kwa chakula peke yake. Ndiyo maana ninasema, ndugu msikilizaji: usianze kuuliza bei ya yai. Anza kuuliza bei ya kilo moja ya chakula cha kuku.

[Muziki mfupi]

Haya, fungueni daftari. Kuna namba mbili tu za kushika.

Kuku mmoja wa mayai, yule wa kisasa, hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 100 basi hula kilo 12 kwa siku. Wakitunzwa vizuri na wakiwa katika umri mzuri, kuku hao 100 watakupa mayai 80 hivi kwa siku.

Sasa gawanya. Ili upate trei moja ya mayai 30, kuku wako watakula kilo nne na nusu za chakula. Andika hapo: trei moja, kilo nne na nusu. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Haibadiliki kwa sababu bei zimebadilika. Leo, kesho, mwakani, chukua bei ya kilo ya chakula, zidisha kwa nne na nusu, utajua trei moja imekula pesa ngapi.

Tufanye mfano. Hizi si bei za leo, ni mfano wa kujifunzia. Tuseme kilo ya chakula ni faranga 500. Zidisha kwa nne na nusu: trei imekula faranga 2,250. Tuseme mwenye duka la jumla anakupa faranga 120 kwa yai. Trei ni 3,600. Toa 2,250, zinabaki 1,350. Unatabasamu.

Subiri kidogo. Msimu umebadilika. Chakula kimefika faranga 600 kwa kilo. Mayai yamekuwa mengi sokoni, mwenye jumla anakupa 90. Chakula cha trei moja sasa ni faranga 2,700. Na trei yenyewe inauzwa kiasi gani? Faranga 2,700. Imebaki sifuri. Bado hujalipa dawa, hujalipa maranda ya kutandika bandani, hujalipa usafiri, na mkopo wa kikundi bado unasubiri.

Angalieni kilichotokea hapo. Chakula kilipanda faranga 100 tu. Yai lilishuka faranga 30 tu. Faida yote ikaondoka, na kuku bado wanataka kula kesho asubuhi.

Namba ya pili ni ya wakati ambao kuku hatagi kabisa. Ukinunua kifaranga cha siku moja, utamlisha kwa miezi minne na nusu hivi kabla hajataga yai la kwanza. Katika muda huo atakula kilo saba hadi nane. Kwa kuku 100, ukihesabu kilo saba na nusu kila mmoja, hizo ni kilo 750. Kwa bei yetu ya mfano ya faranga 500, ni faranga 375,000 za chakula peke yake, na bado hujauza hata yai moja. Kikundi kinachotumia pesa yote kununua vifaranga na kujenga banda, kikasema chakula tutakitafuta mbele ya safari, huishia kuuza kuku wachanga kwa bei ya hasara.

[Muziki mfupi]

Huenda mtu anasema, bei haiwezi kubadilika ghafla hivyo. Tukumbushane mambo ambayo wengi wetu tuliyaona.

Januari 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa Uganda, karibu na Ziwa Victoria. Rwanda ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Mlango mmoja wa mayai ukafungwa kwa tangazo moja.

Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na biashara kati ya Rwanda na Uganda ikakwama hadi ulipofunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Safari hii haikuwa mayai peke yake. Njia ya mahindi na pumba kutoka Uganda nayo ilizibwa, na mwenye kusaga chakula cha kuku akalazimika kutafuta kwingine.

Machi 2020 ikaja korona. Mipaka ikafungwa, hoteli zikakosa wageni, shule zikafungwa. Kuku hawakusikia tangazo la redio. Waliendelea kutaga. Yai halikai kama mahindi ghalani. Siku zinahesabika, na mwenye mayai mengi bila mnunuzi huuza kwa bei yoyote anayopewa.

Mfugaji mkubwa aliye karibu na Kigali anaweza kuvumilia miezi mitatu ya hasara. Ana ghala, ana benki, ana gari. Sisi wa kambini hatuna mgongo wa namna hiyo. Kwa hiyo tunahitaji kuhesabu kuliko yeye.

[Muziki mfupi]

Sasa tufanye nini? Tusikae na hofu tu. Kuna njia zaidi ya moja, na kila moja ina hesabu yake.

Njia ya kwanza ni kuuza mayai bila kufuga kuku. Unanunua kwa jumla, unauza rejareja kambini. Mayai ya jumla husafirishwa katika katoni za trei 12, yaani mayai 360. Tuchukue mfano mdogo zaidi. Dada mmoja ananunua trei 10 kwa faranga 4,000 kila moja. Mtaji ni faranga 40,000. Pikipiki inamtoza 2,000. Anauza yai moja kwa 150. Barabara ni mbaya, mayai 10 yamepasuka kati ya 300. Anauza 290 na kupata 43,500. Toa mtaji, toa pikipiki, anabaki na 1,500. Ni kidogo, lakini pesa yake imerudi ndani ya siku chache, na mwezi ujao anaweza kuamua upya. Kama yale 10 yasingepasuka, angekuwa na 3,000, mara mbili. Basi katika biashara hii faida iko katika kufunga trei vizuri na kumpata dereva mwangalifu. Yai lililopata ufa tu, lipikwe siku hiyohiyo kwa ajili ya mtoto. Lililovuja au kunuka, litupwe.

Njia ya pili ni kuku wa kienyeji wachache. Huyu hatagi kama wa kisasa, lakini hujitafutia sehemu ya chakula chake. Adui yake mkubwa ni kideri. Katika kambi nyumba zimebanana, na ugonjwa ukiingia kwa jirani leo, kesho uko kwako. Chanjo ya kideri ipo, na ile ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja huchanja kuku wengi, kwa hiyo ni vyema majirani mkachanga, mkamwita mtaalamu wa mifugo, na kuku wa mtaa mzima wakachanjwa siku moja.

Njia ya tatu ni kuku wa mayai wa kisasa, kama kikundi. Hapa ongeeni kwanza na uongozi wa kambi kuhusu mahali, kwa sababu banda la kuku 100 halifai kushikana na ukuta wa chumba wanacholala watoto. Pengine mtakubaliana na jirani Mnyarwanda mwenye kiwanja, mkafuga pamoja. Mkikubaliana, andikeni, na kila upande ubaki na nakala.

Nunueni mahindi wakati wa mavuno, si wakati kila mtu anayatafuta. Lakini yawe makavu. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Sumu hiyo hudhuru watu na kuku, na huwezi kuiondoa kwa kuchagua punje kwa macho. Hata kiwanda kile cha Masoro kilikataa mahindi mengi ya wakulima kwa sababu hiyo, kisha kikaanza kuyanunua yakiwa bado kwenye magunzi ili kiyakaushe chenyewe. Mahindi ambayo hungempa mtoto wako, usimpe kuku wako.

Na kila jioni hesabuni mayai. Kuku 100 wakishuka kutoka mayai 80 hadi 60, trei moja sasa inakula kilo 6, si nne na nusu. Bei haijabadilika, lakini faida imeondoka kimyakimya. Pengine maji ni machache, pengine chakula kimepunguzwa soya, pengine kuku wamezeeka. Asiyehesabu hatajua hadi pesa iishe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

[Muziki unapanda kidogo, kisha unashuka]

Ndugu wasikilizaji, tunakaribia mwisho. Kabla kikundi chenu hakijatoa faranga moja, mtumeni mtu sokoni na maswali matatu. Kilo ya chakula cha kuku ni kiasi gani leo, na ilikuwa kiasi gani miezi sita iliyopita? Mwenye jumla ananunua trei kwa kiasi gani, na atanunua trei ngapi kwa wiki? Na tatu, ninyi wenyewe: bei ya trei ikilingana na bei ya chakula chake, tunaweza kuvumilia wiki ngapi bila kugusa pesa ya chakula cha nyumbani?

Kama jibu la swali la tatu ni wiki moja, basi msinunue kuku bado. Endeleeni kuweka, na katikati hapo uzeni mayai ya wengine mkijifunza soko. Kama jibu ni miezi mitatu, anzeni, na Mungu awabariki.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo ya kujadili baada ya kipindi:

1. Katika soko lililo karibu na kambi yetu, trei moja ya mayai inakula chakula cha faranga ngapi leo?

2. Kati ya njia tatu tulizozisikia, ipi inafaa kwa akiba tuliyo nayo sasa, na kwa nini?

3. Nani katika kikundi chetu atashika daftari, na nani atalikagua?

Mfikishieni jirani ambaye hakuwa na redio, hasa yule aliyekwisha kuagiza vifaranga. Kwaherini, tukutane wiki ijayo.

[Muziki wa kipindi hadi mwisho]