Neva Zinavyochochea Muwasho wa Ngozi

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokaza Njombe na upepo kuvuma Makambako, ngozi za wengi hukauka na kuwasha, na mwenye pumu ya ngozi, yaani ugonjwa unaoifanya ngozi ishindwe kutunza unyevu na kuvimba mara kwa mara, hukesha akijikuna. Mtoto mwenye ugonjwa huo hukemewa kana kwamba ni mtundu, ilhali kinachomtesa kimo katika mishipa yake ya fahamu, yaani neva.

Neva za hisia, ambazo nyuzi zake nyembamba huishia katika tabaka la juu la ngozi, zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa kazi yake ni kupeleka habari tu kwenye ubongo. Kumbe nazo humwaga kemikali ndani ya ngozi yenyewe; mojawapo, iitwayo dutu P, huamsha seli za kinga zenye akiba ya histamini, ambayo hutanua mishipa midogo ya damu na kuleta mchochota, yaani hali ya ngozi kuvimba na kupata joto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mchochota hauonekani vizuri, bali pahali hapo huzidi weusi, na ndiyo maana wengi huchelewa kuutambua ugonjwa.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walionyesha kwamba panya waliozuiwa kujikuna hawakuvimba kama walioachwa wajikune, kwa kuwa kujikuna huziamsha neva za maumivu, zile zile zinazohisi ukali wa pilipili, nazo hutoa dutu P na kuuzidisha mchochota. Tena muwasho wa pumu ya ngozi haupiti njia ya histamini peke yake, kwani zipo protini za kinga zinazozisisimua neva moja kwa moja. Kwa hiyo vidonge vya piritoni vinavyokimbiliwa dukani, ambavyo huzuia histamini, mara nyingi humletea mgonjwa usingizi tu, muwasho ukabaki.

Kinachosaidia ni kuoga maji ya uvuguvugu, kupaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, kuvaa nguo ya pamba chini ya sweta la sufu, na kukata kucha. Iwapo watu kadhaa wa nyumba moja wanawashwa, hasa usiku, huenda ni upele unaoambukiza, ambao hutibiwa kwa kaya nzima kwa pamoja. Wazazi wampeleke mtoto zahanati mapema, kabla ya kumpaka krimu yoyote ya dukani, na wasimpige kwa kujikuna.